Mwindaji Asiye na Shingo

Samli iligoma kumwagika. Mambo yenyewe yalianzia hapo, kwenye kopo la samli, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hatapata nafasi.

Ilikuwa Agosti 2014, Rashidiya, Dubai. Mwezi huo hata bomba la maji baridi hutoa maji ya kuunguza, na watu huyakinga kwenye ndoo asubuhi ili wayaoge jioni. Samli huwa mafuta tupu. Saa saba mchana Mishi aliinamisha kopo juu ya sufuria ya wali, kisitoke kitu. Akatia kijiko, kijiko kikasimama wima. Kopo lilishinda kando ya jiko, dirisha wazi, jua linapiga. Alipoligusa lilikuwa baridi kama limetoka frijini. Akaichimba samli kwa kisu, akapika wali wake, akanyamaza. Mtu aliyebakiza mwezi mmoja kwenda kwao hatafuti maneno.

Mishi alikuwa mtu wa Msambweni, pwani ya Kenya, dada wa kazi katika nyumba ya Madam Najla kwa mwaka wa nne sasa. Kwao alimwacha binti yake mmoja, Tufaha, akiwa na miaka mitatu. Kila Ijumaa baada ya sala alimpigia simu, na kila Ijumaa alilia. Wala hakuwa akilia kwa siri. Alilia kwa kamasi na kwikwi, hata yule mtoto akakifanya kilio kile kuwa mchezo. "Haya mama, ushalia?" Tufaha huuliza. "Nishalia, mwanangu." "Basi tuongee." Hapo ndipo mazungumzo huanza. Tikiti ya likizo ilikwisha kukatwa, tarehe sita Septemba, na Mishi alikuwa akiihesabu kwa vidole kila akiamka. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kumkumbatia yule mtoto.

Madam Najla hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Dubai na mama wa Kizanzibari, akalelewa kwa Kiunguja, na ndiyo maana Mishi alidumu pale. Mtu akikugombeza kwa lugha yako, hasira zake unazijua mwisho wake. Mumewe, Sir Raed, alikuwa mtu wa safari. Mwezi wa Mei alirudi kutoka nchi moja ya barafu na kitambaa cha ukutani, kirefu kama kitanda, kilichodariziwa kwa uzi wa sufu na vikongwe wa kijijini huko. Kikatundikwa kwenye ukumbi mrefu, katikati ya sebule na vyumba vya kulala.

Kilikuwa kizuri, lazima tuseme kweli. Theluji nyeupe imetanda chini na juu. Misonobari myeusi. Kulungu saba, mmoja wao ndama aliyejikunyata chini ya tumbo la mama yake. Sungura wawili, mbweha mmoja, mbwa wawili wa kuwinda. Na kando kabisa, mwindaji: bunduki begani, buti magotini, koti la manyoya ambalo ukosi wake umesimama mpaka masikioni. Kiunoni alifunga fuko la ngozi, limelala bapa. Rumaisa, mtoto wa nyumba, miaka sita, ndiye aliyeliona kwanza.

"Fuko lake tupu," akasema. "Maskini! Hajapata kitu."

Watu walicheka. Mishi hakucheka. Kwao Msambweni bibi yake alikuwa haingizi kitambaa chenye sura ya kiumbe ndani mpaka akitie uzi shingoni. Hata foronya za ndege, hata kanga yenye jogoo: bismillahi, sindano inapita, shingo imekatwa, picha imekufa. "Picha isiyochinjwa ni nyumba isiyo na mwenyewe," bibi alisema. "Ukiiacha hivyo, atahamia mtu." Na Mishi kila siku alipita mbele ya viumbe kumi na watatu wazima kwenda kumwamsha mtoto.

Basi siku moja ya Shaabani, Madam ametoka, akakitelemsha kile kitambaa, akachukua sindano na uzi mweupe wa cherehani, akaanza. Mbwa, bismillahi. Mbweha, bismillahi. Sungura, kulungu mmoja mmoja, na ndama wa mwisho. Uzi ukazama ndani ya theluji, usingeuona mpaka uambiwe. Akafika kwa mwindaji. Akageuza sindano huku na huku. Ukosi ule wa manyoya ulikuwa umeficha kila kitu, toka bega mpaka sikio.

"Na wewe huna shingo, nikuchinje wapi?" akamwambia.

Honi ya gari ikalia getini. Mishi akakata uzi, akakitundika kitambaa, akaenda kufungua. Aliona raha siku ile, jamani. Aliona amewasafishia nyumba bila ya kuambiwa asante.

Ramadhani ikapita kimya. Wenyewe wanasema mwezi ule majini huwa kifungoni, nami siwabishii. Idd ikaja, watu wakala, wakavaa, wakatembeleana. Wiki moja baada ya Idd ndipo samli iligoma.

Baada ya samli ikaja ganzi. Ilianza kwenye kucha za mkono wa kulia wa Mishi, ule wa sindano. Alishika pasi ya moto asiisikie. Kesho yake vidole vyote, keshokutwa kiganja. Alikwenda kutupa taka kwenye pipa la baladia, manispaa ya huko, nyuma ya ukuta, na huko akakutana na Dorah, Mtanzania wa nyumba ya jirani, ambaye kwa kawaida husema yeye peke yake. Siku hiyo Dorah alimshika mkono amsalimie, akauachia upesi.

"Mwenzangu! Mkono una nini?"

"Una ganzi."

"Umeulalia?"

"La. Yaanzia kwenye kucha, yapanda juu."

"Inauma?"

"Haiumi. Haina chochote."

Dorah aliweka mfuko wa taka chini. Jua la saa tano lilikuwa likiwachoma wote wawili, na mmoja tu ndiye aliyetoka jasho.

"Dada, mimi natoka Makete," akasema kwa sauti ya chini. "Kwetu mwezi wa saba barafu inalala juu ya majani ya viazi. Baridi naijua, inauma mpaka unamlilia mama yako. Baridi isiyouma siijui, na Mungu anisaidie nisiijue. Toka kwenye hiyo nyumba."

"Nitoke niende wapi? Pasipoti iko kwa kafeel aliyeniajiri, tikiti iko kwake. Wiki tatu tu, Dorah. Nitavumilia."

Ijumaa hiyo alipiga simu nyumbani. Tufaha alimweleza kwamba mbuzi amezaa, kwamba jino limeng'oka, kwamba mwalimu amemsifu. Mishi alingoja kilio chake kama anavyongoja siku zote. Kilichelewa. Ilibidi akitafute, amfikirie mtoto alivyokuwa mchanga, na hata hivyo chozi likatoka jicho moja tu. "Ushalia?" akauliza Tufaha. "Nishalia." Mishi alifuta lile jicho moja, akalitazama chozi kidoleni, akashindwa kulielewa.

Kisha ukaja mluzi.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ile nyumba nzima imelala, mapazia yamefungwa, na nje mtaa mzima hauna hata paka. Mishi alikuwa akipiga pasi chumbani nyuma. Kwanza alisikia harufu, ya manyoya yaliyolowa na moshi wa kuni mbichi. Halafu kitu ukumbini: krch. Kimya. Krch. Kama mtu anayekanyaga chumvi ya mawe, lakini polepole, mtu asiyetaka kusikika. Halafu mluzi, wa chini, wa sauti mbili, kama mtu anayeita mbwa. Na baada ya mluzi kimya kile cha mtu aliyetega sikio.

Kwao mtu hapigi mluzi ndani ya nyumba. Hata mlevi hapigi. Mishi aliiweka pasi wima, akasimama, na mluzi ukaja tena, karibu zaidi.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Rumaisa, na nguo zake za kulalia.

"Dada Mishi," akanong'ona, "mzee anaita mbwa wake."

"Mzee gani?"

"Wa ukutani. Anawaita, hawaji. Basi anakufuata wewe. Ukinyanyua mguu, yeye anaweka wake palepale."

Mishi alitazama nyuma yake. Juu ya marumaru, kutoka mlangoni mpaka kwenye visigino vyake, palikuwa na alama za maji, kubwa, za buti, na za mwisho zilikuwa bado zinayeyuka.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, alipokaa akafikiri. Alimshika mtoto, akampeleka kwa mama yake, akarudi kukunja nguo.

Madam Najla aliyaamini maneno ya mtoto siku ya nne, pale madirisha ya ukumbini yalipoota barafu kwa ndani. Alimwita fundi wa AC. Fundi akapanda, akashuka, akaeleza kwamba AC ya ukumbini imezimwa kwenye swichi kuu na imejaa vumbi, haijafanya kazi wiki nzima. Fundi alikuwa akitetemeka meno alipoyasema hayo. Hakungoja hata chai.

"Mishi," Madam akamwita jikoni, akafunga mlango. "Mimi namwita Mahfudh. Usimwambie mtu, sikiliza, usimwambie mtu! Nchi hii uganga ni jela. Atakuja kama fundi wa kupima mapazia."

Mahfudh kweli alikuwa fundi cherehani, Mzanzibari mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, mshona kanzu na mabuibui kwa miaka thelathini palepale Rashidiya. Kisomo alikifanya kwa wenyewe tu, bila ya kutangaza. Alikuja Alhamisi mchana na mkoba wake wa futi na makasi, akavua viatu, akasikiliza. Ganzi ya Mishi ilikuwa imepita kiwiko. Fundi akachukua pini, akamchoma kiganjani. Hakuna. Mkononi. Hakuna. Karibu na bega, Mishi akashtuka kidogo.

"Ikifika kifuani, usinitafute tena," akasema Mahfudh. "Mimi nafufua nguo, sifufui moyo. Haya, nionyesheni hicho kitambaa."

Alikisogelea, akapitisha kidole gumba juu ya theluji, kama anavyopima kitambaa cha mteja. Kidole kikasimama kwenye shingo ya mbwa.

"Huu uzi wa nani? Kitambaa kizima sufu, huu pamba. Uzi wa cherehani huu, nauuza dukani kwangu. Nani katia mkono hapa?"

Madam akamtazama Mishi. Mishi alitaka kukana. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, naye kifo alishakisikia kikipiga mluzi. Akasema yote, tangu bibi yake mpaka honi ya getini.

"Kuwatia uzi si kosa," akasema Mahfudh. "Bibi yangu Makunduchi akifanya hivyo hivyo. Kosa ni kazi ya nusu. Umemchinjia mawindo yake yote, umemchinjia na mbwa, yeye ukamwacha na bunduki na fuko tupu. Akae humo ale nini?"

"Nilisema hana shingo."

"Ukosi hufunuliwa, bibie. Sindano ungeipitisha chini ya manyoya."

"Basi nipe sindano. Namtia sasa hivi."

"Sasa?" Mahfudh akashusha pumzi. "Utamtia nani? Hebu mtazame."

Wakatazama, na Madam akajiziba mdomo kwa mtandio. Kando ya kitambaa, pale alipokuwa mwindaji, palikuwa na theluji tupu, na nyayo zilizodariziwa vizuri, moja baada ya nyingine, zikielekea kwenye pindo. Hakuna aliyejua tangu lini. Kitu kikishatundikwa ukutani watu hawakitazami tena.

Krch, ikasikika kutoka sebuleni.

"Mtoto yuko wapi?" akanong'ona Mahfudh.

"Kwa jirani, na Dorah," akajibu Madam.

"Alhamdulillahi. Mishi, kaa chini. Aliyeshona ndiye afumue. Anza na mbwa, wabweke, huenda akageuka. Wengine fuata, mmoja mmoja, bismillahi kwa kila mmoja, na usigeuke nyuma. Hata akikuwekea mkono begani, usigeuke. Na usisimame katikati."

Akampa kijisu cha kufumulia. Mishi alikishika kwa kukiangalia, maana vidole havikumwambia kama vimekishika. Mahfudh akaanza kusoma. Mbwa wa kwanza akakatwa uzi, wa pili akakatwa uzi, na mahali fulani ndani ya ukuta, mbali sana, mbwa wakabweka. Nyayo za sebuleni zikasimama, zikasikiliza, halafu zikaanza kuja.

Alimfumua mbweha, akajikata kidole, damu ikadondoka juu ya theluji, yeye haoni maumivu ila rangi tu; akawafumua sungura, na nyayo zikaingia ukumbini, krch, krch, bila haraka, kwa sababu mwindaji mzuri hana haraka, na harufu ya manyoya mabichi ikajaa mpaka Madam akaanza kukohoa; akafumua kulungu wa kwanza na wa pili na wa tatu, na pumzi ikaanza kumgusa kisogoni, pumzi baridi isiyouma, inayotoka na kurudi kama ya mtu aliyepanda mlima mrefu, na kila pumzi ilipotoka ganzi ilipanda kidogo, bega, kwapa, mfupa wa shingo, huku sauti ya Mahfudh ikikauka lakini haikatiki; akafumua wa nne, wa tano, wa sita yule mama, na mkono mzito wenye glavu ya ngozi ukatua begani kwake, naye akajua ni mzito kwa sababu tu bega liliinama.

Akabaki ndama.

Mishi akaweka ncha ya kijisu chini ya uzi, akasimama. Ndama alikuwa mdogo kiasi cha kidole. Macho yake yalikuwa mafundo mawili ya uzi mweusi. Na Mishi akawaza jambo ambalo mtu yeyote aliyeacha mtoto angeliwaza, kwamba akikata uzi huu atakuwa hai, na akiwa hai atapigwa risasi, na mama yake amesimama hapo hapo hana la kufanya. Akamwona Tufaha. Akamwona na pengo la jino ambalo hajaliona kwa macho. Mapenzi yalimjaa kifuani, ya moto, yote kwa mara moja, pengine hayajawahi kuwa mengi hivyo.

Nyuma yake pumzi ikakatika, kama ya mtu anayelenga.

"Kata!" Mahfudh akapiga kelele. "We mwanamke, kata!"

Akakata.

Ukumbi ukanyamaza. Halafu barafu ya madirishani ikaanza kudondoka, tone, tone, na joto la Agosti likaingia kutoka kila upenyo, joto la kweli, la kutoa jasho, na Madam Najla akawa analia na kucheka na kumwita Mungu wake. Mahfudh akakaa sakafuni, akavua miwani. Mwindaji alikuwa amerudi kando ya kitambaa, bunduki begani, ukosi masikioni.

"Khalas," akasema Mahfudh. "Kiacheni hapo hapo. Msikitupe, msikitie mkono. Ana msitu wake, ana mbwa wake, hana haja na nyinyi."

Akamchoma Mishi pini kiganjani, na Mishi akapiga ukelele. Mkono ulikuwa umerudi. Akachomwa begani, akapiga ukelele tena, na Madam akamkumbatia na kumwahidi zawadi za kwenda nazo nyumbani. Jikoni, samli ilikuwa mafuta matupu ndani ya kopo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mishi alisali, akaenda ukumbini ambako simu inashika vizuri, akapiga. Kidole kilichokatwa kilikuwa kikimuuma, na aliyapenda maumivu yale.

"Mama!" Tufaha alikuwa akilia. "Mama, jana nimeanguka. Nimevunjika mkono. Nimekuita, nimekuita sana, bibi akasema uko mbali."

Mishi alisikia kila neno. Alilisikia kama mtu anavyosikia redioni kwamba barabara fulani imefungwa. Alingoja. Alimfikiria mtoto alivyokuwa mchanga. Akafikiria tarehe sita Septemba, uwanja wa ndege, mikono midogo, na alikuwa akifikiria vitu vya mtu mwingine.

Rumaisa alikuwa amesimama mbele ya kitambaa, shingo juu.

"Dada Mishi!" akaita kwa furaha. "Njoo uone! Kapata!"

Mishi akatazama. Kulungu wote saba walikuwepo, ndama chini ya tumbo la mama yake, hajaguswa. Mwindaji alikuwa amegeuza mgongo, anaondoka kuelekea kwenye misonobari, na fuko kiunoni mwake lilikuwa limejaa, limefungwa mdomo kwa uzi mweupe wa pamba.

Alijua kwamba hapo ndipo mtu angepiga kelele.

"Mama?" Tufaha alikuwa amenyamaza kulia, anangoja zamu yake. "Haya, ushalia?"

Mishi akapangusa shavu. Lilikuwa kavu.

"Nishalia, mwanangu."

"Basi tuongee," akasema Tufaha.

Mishi akashika simu kwa mikono miwili, akatafuta la kusema.